Jinsi ya kuorodhesha makaburi ya kale ya pwani bila kuyaharibu

Makaburi ya kale ya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa, yanaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chumvi, mvua na mizizi, nayo huenda polepole. Ya pili ni watu wenye nia njema waliobeba brashi ya waya, ndoo ya saruji na kopo la rangi, nao humaliza kazi ya karne kwa alasiri moja. Mwongozo huu unamfaa mwalimu, kijana wa mtaa, mwanafunzi au mwanaukoo anayetaka kujua nani kazikwa wapi na kuacha kumbukumbu itakayosomeka hata jiwe likishamomonyoka. Kanuni ni moja: andika, pima, piga picha kwanza. Kugusa ni baadaye, na mara nyingi hakuna haja ya kugusa.

Ruhusa kabla ya tepu

Magofu yanayojulikana, kama Gedi, Kaole, Kunduchi na Kilwa Kisiwani, yako chini ya serikali. Kenya yanasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Zanzibar ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale. Kutembelea na kupiga picha ya kumbukumbu ni jambo dogo, unalimaliza kwa mtunza eneo. Kuchimba, kusafisha, kukarabati au kuondoa hata kigae ni jambo jingine kabisa, na bila kibali ni kosa. Ukifanya kazi hii kama utafiti rasmi, kibali chake hupitia tume ya sayansi na teknolojia, NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania Bara, nacho hakifuti haja ya ruhusa ya wenye eneo.

Makaburi mengi zaidi hayapo kwenye orodha yoyote ya serikali: yapo nyuma ya msikiti, kwenye shamba la minazi, au uani kwa mtu. Huko nenda kwa imamu, mzee wa mtaa na ukoo wenyewe, na uende mikono mitupu siku ya kwanza. Mtu anayefika na kamera shingoni na tepu mkononi huonekana ni mpima viwanja, na pwani tunajua mpima viwanja huleta nini.

Uliza pia kalenda ya mahali. Kaburi la mnara la Takwa, kisiwani Manda, bado huzuriwa na watu wa Shela wanaokwenda kuomba mvua. Lamu, siku za Maulidi, umati hufanya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha. Siku hizo acha kazi ya kupima, nenda kama mgeni.

Vifaa

Tepu mbili za kupimia, moja ya mita 30 na moja ya mita 5. Kamba ya nailoni mita 50. Dira. Rula ya sentimita 20 iliyopakwa nyeusi na nyeupe kwa zamu. Kioo cha ukutani cha sentimita 30 kwa 40, kilichogundishwa kwenye ubao ili kisivunjike juu ya kaburi la mtu. Tochi yenye mwanga mkali. Brashi ya kupakia rangi yenye nywele laini, upana wa sentimita 5, mpya. Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu jasho na manyunyu hufuta wino. Daftari lenye jalada gumu na kadi nyeupe za namba. Shuka au kitambaa cheusi cha kuzuia jua. Viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, maana kwenye vichaka vya magofu nyoka hajui kwamba wewe ni mtafiti.

Acha nyumbani: chaki, misumari, rangi ya kupuliza, brashi ya waya, sabuni.

Hatua ya 1: Tambua unachokitazama

Kaburi la Kiislamu la pwani hulala mashariki na magharibi, kwa kuwa kibla chetu ni kaskazini. Maiti hulazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, hivyo kichwa huwa upande wa mashariki. Ukikuta jengo linalofanana na kaburi lakini limelala kaskazini na kusini, usiliandike kaburi mpaka uulize. Huenda ni msingi wa ukuta, au baraza ya nyumba iliyozama ardhini.

Kwa umbo, mengi huangukia katika mafungu machache. La kawaida ni mstatili wa mawe ya matumbawe uliopakwa lipu ya chokaa, wenye jiwe kichwani na pengine miguuni. Mengine yana kuta za kimo cha kiuno zenye vijisanduku vilivyochongwa, na pembe zilizoinuka. Halafu lipo kaburi la mnara, fahari ya pwani hii: nguzo ya mviringo, ya mraba au ya pembe nyingi inayosimama kwenye ukuta wa kaburi. Malindi ipo kando ya Msikiti wa Juma ufukweni. Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, na Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ipo pia.

Nguzo na kuta hizo zilipambwa kwa bakuli za Kichina zilizozamishwa kwenye lipu. Nyingi zimeng'olewa na kubaki matundu ya mviringo. Tundu nalo ni ushahidi: pima kipenyo, kina, na kimo chake kutoka ardhini, na uandike kama kuna kipande cha kauri kilichobaki. Usikiguse. Hapa wengi hukosea tarehe, wakidhani umri wa bakuli ndio umri wa kaburi. Bakuli hukuambia kitu kimoja tu, kwamba kaburi halikujengwa kabla bakuli halijatengenezwa. Sahani ya karne ya 15 inaweza kuwa ilikaa kabatini vizazi vitatu kabla ya kupachikwa, au ikapachikwa baadaye kuziba pengo.

Na kaburi lisilo na chochote? Usiliandike kuwa ni la mtu wa kawaida. Waibadhi, Waislamu wa madhehebu ya watawala wa Omani, hawakupendelea kujengea makaburi, na jengo lililoanzwa juu ya kaburi la Sayyid Said, Mji Mkongwe wa Zanzibar, halikumalizika kwa sababu hiyohiyo. Huyu alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar. Jiwe kubwa linaeleza mila na uwezo wa waliobaki, si lazima cheo cha aliyezikwa.

Hatua ya 2: Chora ramani

GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 10, na chini ya mibuyu na miembe hukosea zaidi. Makaburi yamepangana nusu mita kwa nusu mita. Ukitegemea simu pekee utambadilishia mtu babu. Tumia GPS kuonyesha eneo, na tepu kuonyesha kaburi.

Chagua nukta mbili zisizohama: kona ya msikiti, kona ya kisima, nguzo ya geti. Mti haufai, hata mbuyu, kwa kuwa huwezi kusema umepima kutoka upande gani wa shina. Piga picha nukta hizo na upime umbali kati yake. Kisha kwa kila kaburi pima umbali kutoka nukta ya kwanza hadi kona ya kaburi, na kutoka nukta ya pili hadi kona hiyohiyo. Nyumbani, kwa bikari, pinde mbili zitakutana mahali pamoja. Pinde hukutana mara mbili, upande huu na upande ule wa mstari, kwa hiyo andika "kaskazini mwa mstari" au "kusini". Kusahau kuandika hivyo kumewahi kuzaa ramani nzima zilizopinduliwa kama kwenye kioo.

Eneo likiwa na makaburi zaidi ya hamsini, gawa kwa miraba ya mita 10. Kona ya mraba hakiki kwa 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ulalo uwe mita 5 kamili. Kamba usiifunge kwenye vijiti vilivyogongwa ardhini. Hujui nani yuko chini. Tumia mifuko midogo ya mchanga.

Kila kaburi lipate namba inayotaja eneo, mraba na nafasi, mfano B-3-014. Namba inaandikwa kwenye kadi inayowekwa kando wakati wa picha, kisha inaondolewa. Kuandika namba kwa rangi juu ya kaburi ni ukatili, hata ikiwa rangi "itafutika".

Hatua ya 3: Piga picha ya maandishi

Hapa ndipo tofauti ya kazi nzuri na mbaya inapoonekana. Maandishi yaliyochongwa hayasomwi kwa rangi, husomwa kwa kivuli. Saa sita mchana jua hufuta kivuli na jiwe lenye mistari mitano ya Kiarabu huonekana kama kiambaza kitupu. Jiwe hilohilo saa 1:30 asubuhi hukusomea lenyewe.

Kwa hiyo fika kati ya saa 1 na saa 2:30 asubuhi, au saa 10:30 hadi saa 12 jioni. Jiwe likiwa upande usiofikiwa na jua, mweke mwenzako na kioo mita 3 au 4 pembeni, aukamate mwanga wa jua na kuutupa juu ya jiwe kwa mshazari, karibu sambamba na uso wake. Asogeze kioo polepole. Utaona herufi zikiinuka, zikizama, zikiinuka tena. Jiwe likiwa juani, likinge kwanza kwa shuka jeusi, kisha tumia kioo au tochi.

Piga picha nne bila kusogeza kamera: mwanga kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Nne, kwa sababu mstari uliochongwa kwa kufuata mwelekeo wa mwanga hautoi kivuli, na nukta ya herufi iliyopotea kwenye picha ya kwanza hujitokeza kwenye ya tatu. Kamera iwe sawa kabisa na uso wa jiwe, rula iwe chini ya maandishi bila kuegemezwa juu yake. Ongeza picha moja ya kaburi zima, moja ya mazingira, na ya karibu kwa kila mstari.

Makosa yanayojirudia:

- Kujaza herufi kwa chaki ili zionekane. Vumbi lake huingia kwenye vitundu vya tumbawe na halitoki. Zaidi ya hapo, aliyechora chaki huchora anachodhani anakiona, na msomaji wa baadaye husoma dhana yake.
- Kupaka unga wa ngano. Unga ni chakula, na ukungu hualikwa.
- Kubandika karatasi na kusugua kwa penseli au mkaa. Kwenye matale magumu huenda ikavumilika. Kwenye tumbawe na lipu ya chokaa, mgandamizo wa kiganja hutosha kubandua gamba lililokuwa limeshikilia kwa unyuzi.
- Kumwagia maji ili "yang'ae". Jiwe lililolowa huwa na rangi moja, na kivuli hupungua.

Vumbi kavu na majani liondoe kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, bila kusukuma. Chembe zikianguka na vumbi, acha palepale na uandike: "uso unapukutika".

Hatua ya 4: Soma tarehe

Huhitaji kuwa mwanachuoni kupata tarehe, lakini lazima ujue mitego.

Tarakimu za Kiarabu ni ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩, sifuri hadi tisa. Ingawa maneno husomwa kutoka kulia, tarakimu hupangwa kama zetu: ١٢٧٣ ni 1273. Sifuri ni nukta, na nukta ndiyo ya kwanza kuliwa na chumvi, hivyo mwaka wenye tarakimu tatu ukague kama nafasi ya mwisho ina shimo dogo. Saba na nane ni umbo lilelile lililopinduliwa. Picha ikigeuzwa juu chini hubadilishana. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu.

Mawe ya zamani zaidi huandika mwaka kwa maneno, baada ya neno *sana*, yaani mwaka. Mpangilio ni kinyume cha wetu: mamoja, makumi, mamia, maelfu. *Thalatha wa sabin wa miatayn wa alf* ni tatu na sabini na mia mbili na elfu, ndiyo 1273. Msomaji wa Kiswahili ana bahati, maana sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, mia na elfu tumezipata huko, na sikio litakusaidia pale jicho linapokwama. Mtego mkubwa ni sabini na tisini. Kwa maandishi ya Kiarabu yasiyo na nukta, au yaliyopoteza nukta, maneno hayo mawili hubaki na idadi sawa ya meno: kwa sabini jino la peke yake linakuja baada ya yale matatu ya herufi *sin*, kwa tisini linatangulia. Vivyo hivyo saba na tisa. Ukiona mojawapo, andika zote mbili na alama ya kuuliza, usichague kwa kupenda.

Sasa geuza Hijria kuwa Miladia. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo huwezi kuongeza 622 ukamaliza. Fanya hivi: gawa mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622.

Gedi lipo kaburi mashuhuri kwa tarehe yake, 802 Hijria. 802 kwa 33 ni 24. 802 toa 24 ni 778. Ongeza 622, unapata 1400. Mwaka 802 ulianza Septemba 1399, hivyo huandikwa 1399/1400. Aliyeongeza 622 tu angepata 1424, na historia ya mji ingesogea robo karne. Jaribu tena kwa tarehe unayoijua: Sayyid Said alifariki Oktoba 1856, ambao ni Safar 1273. 1273 kwa 33 ni 39, inabaki 1234, na 622 ni 1856. Njia ya mkato ingekupa 1895.

Mwezi usipotajwa, andika miaka miwili yenye mkwaju kati. Siku ya wiki ikitajwa, itumie kuhakiki, ukivumilia tofauti ya siku moja au mbili kwa ajili ya mwandamo wa mwezi.

Maneno mengine ya kutafuta: *hadha qabr*, hili ni kaburi, *al-marhum* au *al-marhuma*, *tuwuffiya*, alifariki, *ibn* na *bint*. Jina la mwisho lenye *al-* mara nyingi ni nisba, linataja ukoo au mji: al-Barawi ni wa Barawa, al-Nabhani wa ukoo uliotawala Pate. Mistari mirefu isiyo na majina huwa ni Qurani, na aya inayosema kila nafsi itaonja mauti ni ya kawaida sana. Ukiitambua, utajua mapema kwamba jina liko kwingine.

Kwenye mawe ya Kigujarati, mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu, upunguze 56 au 57. Makaburi ya Wajerumani, kama yale ya Bagamoyo, hufupisha *geb.* kwa kuzaliwa na *gest.* kwa kufa, *aet.* ya Kilatini hufuatwa na umri. Alama nazo husomwa. Mbali na pwani, Nyeri, jiwe la Robert Baden-Powell, aliyefariki Januari 8, 1941, lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti isemayo "nimekwenda nyumbani". Asiyejua huiandika "pambo".

Hatua ya 5: Waulize wenye mahali

Jiwe likinyamaza, watu husema, ila swali baya huua jibu. Usimuulize mzee, "Hili ndilo kaburi la sharifu fulani?" Kwa adabu atakubali, hasa akiona umetoka mbali. Uliza hivi:

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu."
"Samahani, mzee, hapa mnapaitaje?"

Nyamaza. Akishataja jina la mahali, endelea: "Na hapa kalala nani?" Kisha swali ambalo wengi hulisahau: "Wewe ulisikia kwa nani?" Akisema alimsikia bibi yake akilitaja wakati wa kuzuru, una mnyororo wa vizazi viwili wenye jina. Akisema kuna mgeni alikuja na kitabu, umesikia kitabu, si mapokezi ya mahali. Mwulize bibi pia, peke yake ikiwezekana. Kinamama ndio mara nyingi wanaopeleka ubani na marashi, nao hukumbuka makaburi ya wanawake ambayo wanaume hawayataji.

Ubani, chupa za marashi na vitambaa vilivyofungwa ni sehemu ya kaburi. Viache, na vipige picha kwa ruhusa tu.

Kwenye orodha, kila jina lipe daraja. Daraja la kwanza: jina limeandikwa kwenye jiwe lenyewe. La pili: jiwe halisemi au limebadilishwa, lakini hati ya wakati ule inasema. La tatu: yasemekana. Fumo Liyongo anaonyeshwa kaburi lake Kipini, na hilo ni daraja la tatu. Haimaanishi ni uongo, inamaanisha ushahidi wake ni mapokezi. Rosina, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki Mombasa 1844 na kuzikwa bara, upande wa Nyali. Barua za mumewe zinashuhudia msiba huo, hivyo hata jiwe likifutika jina halipotei. Ukichanganya madaraja haya kwenye safu moja, miaka kumi baadaye "yasemekana" itakuwa "ni".

Makaburi ya vita ni kazi rahisi zaidi, kwa kuwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari lake lenye namba ya kila safu. Mabaharia wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa na Königsberg bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, wako kisiwani Chapwani. Ila tazama pia asiyekuwepo. Maelfu ya askari na wapagazi Waafrika wa vita ile hawakupewa jiwe wala jina, na Tume yenyewe ilikiri upungufu huo mwaka 2021. Kwenye orodha yako acha safu ya "waliozikwa bila alama", ujaze yale wazee wanayoyaonyesha kwa mkono.

Hatua ya 6: Kusafisha, ikiwa lazima

Kwa idhini ya maandishi, na kwa maji matupu. Yawe ya mvua au ya bomba. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, yaonje kwanza. Chumvi ikiingia kwenye tumbawe, maji yakikauka huganda kuwa fuwele ndani ya vitundu, hutanuka, na kusukuma uso wa jiwe utoke kama ganda la yai.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie dawa ya kung'arisha nguo: madoa yatatoka leo, chumvi yake itabaki. Ndimu, siki na maji ya betri ni mabaya zaidi. Tumbawe na chokaa ni kitu kimoja kikemia, na asidi huviyeyusha. Lile povu unaloliona ni maandishi yanayoondoka. Madoa ya kijani na meupe yaliyoota juu ya jiwe mara nyingi hayaharibu kama kuyakwangua.

Mizizi usiing'oe. Mzizi uliopita kwenye kiungo umeshakuwa sehemu ya ukuta, ukiuvuta unatoka na mawe. Kata shina karibu na ukuta, acha kisiki, waachie mafundi wa mambo ya kale. Na kufyeka kwa moto hapana: joto hupasua tumbawe, na ndivyo wazee walivyopata chokaa tanurini.

Saruji ndiyo adui mwenye sifa njema. Ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hushindwa kutokea kwenye saruji, hutafuta njia kwenye jiwe laini la jirani, na kuacha chumvi yake humo. Baada ya misimu kadhaa saruji inabanduka ikiwa imeshikana na uso wa kale. Kiraka sahihi ni chokaa iliyolowekwa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga wa mtoni uliooshwa, si wa ufukweni. Lipu hiyo hufunikwa magunia mabichi kwa wiki nzima, maana ikikauka haraka juani hupata nyufa na kugeuka unga. Kazi hii ni ya fundi aliyeidhinishwa. Unaijua ili uweze kumkataza fundi wa mfuko wa saruji.

Na usisimame chini ya mnara ulioinama, hasa baada ya masika. Nguzo nyingi zina upenyo, na nyuki huhamia humo.

Hatua ya 7: Hifadhi na uchapishe

Jioni ileile hamisha picha na uzipe namba za makaburi. Ukisubiri wiki, mawe yote yatafanana. Nakala moja ya daftari na picha iende kwa idara ya mambo ya kale au makumbusho, moja msikitini au kwa ukoo, moja ubaki nayo. Kwenye nakala ya msikiti chapa karatasi. Simu hubadilishwa, karatasi hukaa sandukuni.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, ondoa taarifa za GPS zilizojificha ndani ya picha. Kaburi lenye bakuli lililobaki usilitajie mahali kamili, na picha ya bakuli hilo usiiweke. Mwizi wa kauri anasoma mtandao kama wewe. Majina ya marehemu wa vizazi vya karibu yasiwekwe bila jamaa zao kukubali. Kila baada ya masika mawili rudi usimame kwenye nukta zilezile, saa ileile, upige picha zilezile nne za kila jiwe lenye maandishi, na uandike ni herufi ipi imepungua.